Kilichotengwa Ndani ya Seli
Mhadhara kwa umma, Lwiro



Nimeombwa kuzungumzia vilivyomo ndani ya seli hai na kazi zake. Ningeweza kuwachorea ubaoni ule mchoro ambao kila mwanafunzi wa sekondari ameunakili daftarini: duara kubwa, kiini katikati, mitokondria mbili tatu pembeni, mikunjo ya Golgi, na mishale yenye majina. Mchoro ule ni wa kweli, lakini unaficha jambo kubwa kuliko yote. Unaonyesha vitu bila kuonyesha kwa nini kila kimoja kimewekwa peke yake. Mwanafunzi anajua kwamba lisosomu ipo. Hajui kingetokea nini kama yaliyomo ndani yake yangemwagika.

Kwa hiyo leo tutaufuata mhogo. Tutautoa shambani kisiwani Idjwi, tuone unavyoingia mdomoni, unavyofika kwenye ini, kisha kwenye tezi ya shingo, na mwisho kwenye ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa. Njiani tutapita karibu viungo vyote vya seli vilivyo kwenye ule mchoro, na kila mahali tutakuta seli inaendelea kuishi kwa kutenganisha vitu ambavyo vikikutana ovyo vinaua.

Safari hii ni ya kwetu. Nyumba hii ilianzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, Taasisi ya Utafiti wa Kisayansi katika Afrika ya Kati, chini ya uongozi wa Louis van den Berghe, na leo tunaiita CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili. Ni katika miaka ya 1960 ambapo madaktari waliokuwa na kambi yao hapa Lwiro, akina François Delange, Claude Thilly na André-Marie Ermans, walivuka Ziwa Kivu kwenda Idjwi kuchunguza rovu, ule uvimbe wa shingo uliokuwa umeenea kisiwani. Waliyoyakuta huko yamo leo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima, na inaniuma kwamba watoto wengi wa maeneo yetu ya Kabare na Kalehe wanamaliza shule bila kuyasikia.

Tuanze na mhogo mbichi. Mhogo ambao haujajeruhiwa karibu hauna sayanaidi iliyo huru. Ndani ya seli zake kuna mfuko mkubwa wa maji uitwao vakuoli, na humo mmea umehifadhi linamarini, yaani sayanaidi iliyofungamanishwa na sukari. Ikiwa katika hali hiyo haiudhuru mmea. Kimeng'enya kinachoweza kuifungua, linamarasi, nacho kipo, ila kimewekwa nje, kwenye ukuta wa seli. Kati ya hivyo viwili kuna utando wa vakuoli na utando wa seli yenyewe. Kila utando una unene wa takriban nanomita 8, chini ya sehemu moja ya laki moja ya milimita. Ni tando hizo nyembamba zinazoulinda mmea dhidi ya sumu yake wenyewe.

Sasa chukua kisu umenye. Pale kisu kinapopita, tando zinapasuka, linamarini inavuja, kimeng'enya kinaipokea, na baada ya muda mfupi sayanaidi inaanza kutoka. Mdudu au panya anayetafuna mzizi anakutana na jambo hilo hilo mdomoni mwake. Mmea hauhitaji kutengeneza silaha wakati wa shambulio. Umeziweka tayari pande mbili za utando, na adui mwenyewe ndiye anayezikutanisha.

Mama zetu wa Bushi na Buhavu wamelijua hili kwa mikono yao. Mihogo michungu inamenywa, inalowekwa siku kadhaa mpaka ilainike, inaanikwa, inatwangwa, ndipo inakuwa unga wa bugali. Kulainika kule ndiko kuvunjika kwa seli: vijidudu vya uchachu vinakula kuta, tando zinaachia, linamarini inakutana na kimeng'enya chake hadi inakwisha, na sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, inapotea majini na hewani. Ndiyo sababu pia ya kutwanga sombe, yaani majani ya mhogo, kwenye kinu kabla ya kuipika kwa muda mrefu. Kila pigo la mchi linapasua mifuko. Anayetumbukiza mhogo mchungu mzima katika maji yanayochemka anakosea mpangilio: joto linakiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, linamarini inabaki nzima ndani ya chakula, na bakteria wa utumbo wa mlaji wanaweza kuifungua baadaye.

Pale watu wanapokuwa mbioni, wakati wa njaa au vita, siku za kuloweka zinapunguzwa. Kusini mwa Bukavu, huko Burhinyi katika eneo la Mwenga, madaktari waliandika mwaka 2011 juu ya watu waliopatwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu yote miwili ghafla na usioondoka tena. Konzo inafuata mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha na chakula kisicho na protini. Nitaeleza baada ya muda kwa nini protini inaingia hapa.

Sayanaidi ikishaingia kwenye damu, inatafuta mitokondria. Karibu kila seli ya mwili ina mitokondria, mamia au maelfu, isipokuwa chembe nyekundu za damu ambazo zimeziacha pamoja na kiini. Mitokondria ina tando mbili, wa ndani ukiwa umekunjwa-kunjwa. Juu ya mikunjo hiyo chakula kilichosagwa kinavuliwa elektroni zake, elektroni zinapita kutoka protini moja hadi nyingine, na mwisho zinakabidhiwa kwa oksijeni. Wakati huo protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando, zinarundikana, na zinaporudi kwa nguvu kupitia mlango maalumu zinatengeneza ATP, nishati ambayo seli inaitumia kwa kila kitu. Bila utando wa kuzizuia protoni upande mmoja, kuchoma chakula kungeleta joto tu. Sayanaidi inakamata protini ya mwisho katika mnyororo huo, ile inayogusa oksijeni, na kuikwamisha. Mtu anaweza kuwa na mapafu mazima na damu iliyojaa oksijeni, na seli zake zikafa kwa kukosa hewa.

Lakini humo humo ndani ya mitokondria, hasa za ini, kipo kimeng'enya kiitwacho rodanesi. Kazi yake ni kuchukua sayanaidi, kuiongezea salfa, na kuigeuza thiosayaneti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na inatoka kwa mkojo. Salfa hiyo mwili unaipata kutoka kwenye protini: ndagala, maharage, maziwa, nyama. Mwenye bugali la mihogo pamoja na samaki wa ziwani anaweza kulipa deni hilo kila siku. Mwenye bugali na sombe tupu, miezi mfululizo, salfa inamwishia. Hapo ndipo protini inapoingia katika habari ya konzo.

Basi tumepona? Kwa sayanaidi, pengine. Ila thiosayaneti imebaki inazunguka kwenye damu, nayo inapita shingoni.

Weka vidole viwili chini ya koo lako, umeze mate. Kinachopanda na kushuka ni koo pamoja na tezi iliyoshikamana nalo, yenye uzito wa gramu 15 hadi 20 hivi kwa mtu mzima. Ili itengeneze homoni yake, tezi hiyo inahitaji iodini, ambayo wengine tunaiita madini joto. Mtu mzima anatakiwa apate mikrogramu 150 kwa siku. Ukizijumlisha kwa miaka 70 hazifiki gramu 4 kwa maisha yote. Udongo wa milima yetu, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi na ulio mbali na bahari, hautupi hata kiasi hicho.

Uhaba huo ndio akina Delange walioutarajia kuukuta Idjwi, na wakaukuta. Lakini kulikuwa na fumbo. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Walipopima iodini pande zote mbili, uhaba ulikuwa karibu sawa. Kama uhaba wa iodini ndio sababu pekee, kwa nini shingo za upande mmoja zivimbe na za upande wa pili zisivimbe? Taarifa yao ya mwaka 1968 ilisema wazi kwamba uhaba unafungua mlango tu, na kuna kitu kingine kinachoingia. Mwaka 1971 Delange na Ermans walikitaja: kilikuwa ndani ya chakula. Watu walipokula mihogo ya kaskazini, tezi zao zilipunguza kunyonya iodini, kwa namna ile ile inayofanywa na thiosayaneti.

Ili tuelewe kwa nini, inabidi tuingie ndani ya seli ya tezi, na hapa naomba tukae.

Seli hizi zimejipanga kuzunguka vifuko vidogo vilivyojaa ute mzito. Kila seli ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja umegusa damu, upande wa pili umegusa ute. Kwenye utando wa upande wa damu kuna protini inayofanya kazi ya pampu: inakamata iodini na kuiingiza ndani hadi iwe nyingi mara 20 au 40 kuliko iliyo kwenye damu, ikitumia msukumo wa sodiamu ambao nao umelipiwa kwa ATP ya mitokondria. Thiosayaneti ina umbo na chaji inayokaribiana na ya iodini, kwa hiyo inashindania nafasi kwenye pampu hiyo. Mtu mwenye iodini ya kutosha hasikii chochote, kwa kuwa iodini inashinda kwa wingi. Mwenye iodini kidogo ndiye anayepokonywa hata hicho kidogo. Kaskazini mwa Idjwi watu walikuwa na uhaba ule ule wa wenzao, pamoja na mpinzani mlangoni.

Tuendelee ndani. Iodini haiwezi kufanya kazi peke yake. Inahitaji protini kubwa iitwayo thairoglobulini. Maelekezo ya kuitengeneza yapo kwenye DNA, ndani ya kiini. DNA yenyewe haitoki. Nakala yake, RNA, ndiyo inayopita kwenye vitundu vya utando wa kiini na kufika kwa ribosomu, ambazo zimejipanga kwenye mtandao wa tando ulioenea ndani ya seli. Ribosomu zinaunganisha amino asidi moja baada ya nyingine, na mnyororo unapokua unaingizwa ndani ya mtandao ule, unakunjwa, na unakaguliwa. Uliokunjwa vibaya unarudishwa na kuharibiwa. Mzima unapelekwa Golgi, lile rundo la mifuko bapa ambalo Camillo Golgi wa Italia alilielezea mwaka 1898, unapambwa zaidi kwa sukari, unafungwa katika vifuko vidogo, na unamwagwa nje upande wa ute.

Kule kwenye ukingo wa ute ndiko iodini inakofungamanishwa na thairoglobulini. Kazi hiyo inahitaji peroksidi ya hidrojeni, kemikali kali inayounguza. Tazameni seli ilivyopanga: inaizalisha kwenye ukingo wake wa nje, ikielekea kwenye ute, mbali na DNA yake. Homoni inaundwa nje ya seli, ikiwa bado ni sehemu ya protini kubwa, na inahifadhiwa pale kwa wiki nyingi.

Inapohitajika, seli inameza matone ya ute ule na kuyapeleka kwa lisosomu. Hizi ni mifuko yenye asidi ndani na vimeng'enya vya kila aina vinavyoweza kusaga protini, mafuta, sukari, hata asidi za kiini. Lisosomu inaisaga thairoglobulini, inaachia homoni, na homoni inatoka kwenda kwenye damu.

Aliyezigundua lisosomu ni Christian de Duve wa Chuo Kikuu cha Louvain, chuo kile kile kilichoweka FOMULAC, hospitali ya Katana hapo jirani yetu. Hakuwa anazitafuta. Alikuwa akichunguza kazi ya insulini kwenye ini la panya, kwa njia aliyoianzisha Mbelgiji mwenzake Albert Claude: kuliponda ini taratibu, kisha kulizungusha kwa kasi kwenye mashine ili vipande vizito vitengane na vyepesi. Mnamo 1949 kundi lake lilipima kimeng'enya kimoja, fosfatasi ya asidi, wakakuta kiasi kidogo mno, karibu sehemu moja ya kumi ya walichotarajia. Wakaiweka sampuli kwenye friji. Siku tano baadaye waliipima tena, na kimeng'enya kilikuwa chote kipo. Wengi tungesema kipimo cha kwanza kilikosewa, tukaandika cha pili na kwenda nyumbani. De Duve aliuliza kimeng'enya kilikuwa kimejificha wapi. Jibu ni kwamba kilikuwa kimefungwa ndani ya utando, na katika baridi utando ukachakaa ukakiachia. Jina la lisosomu alilitoa mwaka 1955, na mwaka 1974 yeye, Claude na George Palade, mzaliwa wa Romania, walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Kiungo kizima cha seli kiligunduliwa kwa sababu mtu aliamini kwamba kitu kinaweza kuwapo na kisionekane, kwa kuwa kimetengwa.

Nirudi shingoni. Iodini inapokosekana, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inaona homoni imepungua, nayo inatuma amri: ongeza kazi. Seli za shingo zinatii. Zinarefuka, mtandao wa tando unatanuka, Golgi inakua, seli zinagawanyika na kuongezeka. Hiyo ndiyo rovu. Kuvimba kule si uvivu wa tezi, kama wengi wanavyodhani. Ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi bila malighafi.

Lakini kulikuwa na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa na mwili uliodumaa, huku shingo zao zikiwa bapa. Tezi zao zilikuwa zimenyauka. Kama uhaba unavimbisha tezi, iweje kwa hawa iishe? Watafiti waliofanya kazi Kivu na kule Ubangi, kaskazini mwa nchi, waliiangalia seleniamu, madini mengine yaliyo haba katika udongo wetu. Seleniamu imo ndani ya kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni kabla haijaunguza seli. Sasa unganisheni wenyewe: amri ya kuongeza kazi ni kali, peroksidi inazalishwa kwa wingi kwenye ukingo, nyingine inapenya kurudi ndani, na mlinzi wa ndani hayupo. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba seli zinaungua polepole, zinakufa, na kovu linachukua nafasi yake.

Ungedhani tiba ni kugawa seleniamu mara moja. Ilijaribiwa kaskazini mwa nchi, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, na taarifa ya mwaka 1991 ikatoa onyo. Homoni inayotoka kwenye tezi kwa wingi ni T4, yenye atomu nne za iodini. Ili ifanye kazi lazima ipunguzwe moja iwe T3, na kimeng'enya kinachoipunguza nacho kina seleniamu. Wagonjwa waliopewa seleniamu bila iodini walianza kuitumia T4 yao kwa kasi zaidi, na hicho kidogo walichokuwa nacho kikashuka. Iodini kwanza, seleniamu baadaye. Mpangilio huo haukutoka kichwani mwa mtu. Ulitoka katika kujua ni kimeng'enya gani kiko wapi.

Imebaki hatua ya mwisho. Katika ubongo wa mtoto aliye tumboni, T4 ya mama inageuzwa T3 ndani ya seli zinazozizunguka seli za neva. T3 inapita, inaingia ndani ya kiini cha seli ya neva, inashika kipokezi kilichokaa juu ya DNA, na kipokezi kinafungua au kufunga jeni. Kwa amri hizo seli za neva zinahama kwenda mahali pake, zinatoa matawi, zinavikwa ala ya mafuta. Katika miezi ya kwanza ya mimba mtoto hana tezi inayofanya kazi. Anategemea shingo ya mama yake peke yake. Seli ya neva iliyokosa amri kwa wakati wake haihami tena baadaye, hata ukimpa mtoto iodini yote iliyo sokoni.

Ndiyo maana katika Idjwi na sehemu nyingine za nchi madaktari walichoma watu sindano za mafuta yenye iodini, dozi moja ikitosha kwa miaka kadhaa, na ndiyo maana chumvi yenye iodini, iliyoenea nchini tangu miaka ya 1990, ina maana zaidi kwa msichana wa sekondari kuliko kwa mzee mwenye rovu. Mzee atapunguziwa uvimbe. Msichana yule, siku atakapogundua kwamba ana mimba, ubongo wa mtoto utakuwa tayari umeanza kujengwa kwa iodini iliyokuwa shingoni mwake kabla. Akina mama, chumvi hiyo ifunikeni vizuri, msiiache juani wala karibu na moshi wa jiko, na muitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu iodini hupotea kwa joto na unyevu. Na ninyi wanafunzi wa biolojia, mnaoweza kuvuka kwenda Idjwi kwa boti na kurudi: pimeni iodini katika mkojo wa wasichana wa shule, kaskazini na kusini-magharibi, kabla hawajaolewa.